Intarapti za PCI kwenye kerneli yako: mwongozo kamili wa kuifuata laini mpaka ifike kwenye prosesa

Vijana wanaoandika kerneli zao hapa Mbeya, na sasa hata Iringa na Makambako, wananiletea swali lile lile. Draiva imeandikwa, kifaa kimeonekana kwenye basi la PCI (njia inayounganisha vifaa na prosesa), lakini intarapti, yaani ishara ya kifaa kumwita prosesa, haiji. Au inakuja mara moja, basi. Au inamiminika bila kukoma mpaka mashine inaganda.

Kijana mmoja wa Iyunga alinifungulia laptop yake tukiwa Mwanjelwa. Alikuwa amesoma rejista ya 0x3C ya kadi ya mtandao, ikamwambia 11. Akafungua pini ya 11 kwenye IO APIC, chipu inayopokea laini za vifaa na kuzipeleka kwa prosesa, na ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, mambo yakaenda. Alipoiwasha kerneli ile ile kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, kimya. Msimbo wake ulikuwa safi. Tatizo ni kwamba aliiamini namba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa hiyo usikisie namba. Kutoka kwenye kifaa hadi kwenye prosesa intarapti inapita vituo kadhaa, na kila kituo unaweza kukihakiki peke yake. Ukihakiki kimoja kabla ya kugusa kinachofuata, utajua kosa liko wapi badala ya kubadilisha msimbo ovyo usiku kucha. Mwongozo huu ni wa x86 ya biti 64.

## Mahitaji

- Kerneli inayowaka hadi biti 64, yenye IDT (jedwali la msimbo wa kuita kwa kila namba ya intarapti, na namba hiyo ndiyo vekta) inayoshika makosa ya prosesa (vekta 0 hadi 31), kurasa za kumbukumbu zinazofanya kazi, na uwezo wa kuchapa maandishi kwenye poti ya siriali. Bila kuchapa hutaona lolote, kwa hiyo usianze bila hilo.
- Butiloda inayokupa anwani ya RSDP, mahali pa kuanzia kusoma majedwali ya ACPI, yaani maelezo ya mashine ambayo famwea (programu iliyomo kwenye ubao wake) inaiachia kerneli. Limine na GRUB zote zinatoa.
- QEMU. Tutatumia kifaa chake kiitwacho `edu`, kilichoandikwa kwa ajili ya masomo ya kerneli ya Linux katika Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno. Kinapiga intarapti pale tu unapokiamuru, na kwa kujifunza hakuna kizuri zaidi ya hicho.
- Maktaba ya kusoma msimbo wa AML (msimbo uliomo ndani ya majedwali ya ACPI), kama uACPI au ACPICA. Usijaribu kuandika yako kwa sasa.
- Kifurushi cha `acpica-tools` (ndani yake kuna `iasl`) na `pciutils` (ndani yake kuna `lspci`), kwenye Linux unayoitumia kila siku.
- Kompyuta halisi ya kujaribia mwishoni. Ya mtumba inatosha kabisa.

Pakua vyote kwa mkupuo ukiwa na bando, pamoja na nyaraka zake. Baada ya hapo kazi yote inafanyika bila mtandao, na QEMU ya megabaiti 256 inaenda kwa raha hata kwenye laptop ndogo inayotumia betri umeme ukikatika.

Amri tutakayoitumia mwanzo hadi mwisho ni hii:

```
qemu-system-x86_64 -machine q35 -m 256M -cdrom kerneli.iso \
  -device edu,addr=4 -serial stdio -d int -D intarapti.log
```

`addr=4` inakiweka kifaa kwenye nafasi ya 4 ya basi 0. Usiibadilishe, maana namba nitakazokupa zinategemea nafasi hiyo. Usiwashe KVM pia, kwa sababu `-d int` haitakuandikia kitu.

## Hatua ya 1: Zima PIC ya zamani

Hata kama huitumii, PIC ya 8259, chipu ya kupokea intarapti iliyotumika kabla ya APIC, ipo, na isipozimwa itakuletea intarapti ambazo hukuziomba. Mbaya zaidi, kwa mpangilio wake wa mwanzo IRQ 0 inaangukia vekta ya 8, ambayo kwa prosesa ni kosa la mara mbili. Utadhani kerneli imevunjika kumbe ni saa tu imelia.

Ihamishe kwanza, kisha izibe:

```
outb(0x20, 0x11); outb(0xA0, 0x11);
outb(0x21, 0x20); outb(0xA1, 0x28);
outb(0x21, 0x04); outb(0xA1, 0x02);
outb(0x21, 0x01); outb(0xA1, 0x01);
outb(0x21, 0xFF); outb(0xA1, 0xFF);
```

Wengi huuliza kwa nini tuihamishe kama tunaiziba. Ni kwa sababu PIC iliyozibwa bado inaweza kutoa intarapti ya uongo, IRQ 7 au 15. Ikitoka, iangukie vekta 0x27 au 0x2F ambako hakuna madhara.

Umefaulu ikiwa: kwenye monita ya QEMU (bonyeza Ctrl+Alt+2) amri ya `info pic` inaonyesha `imr=ff` kwa PIC zote mbili.

## Hatua ya 2: Washa APIC ya prosesa, na uijaribu peke yake

Kila prosesa ina APIC yake, kwa kawaida kwenye anwani 0xFEE00000. Soma MSR (rejista maalumu ya prosesa) ya 0x1B. Biti ya 11 inapaswa kuwa 1. Itazame na biti ya 10: ikiwa 1, famwea imekuachia hali ya x2APIC, na kuandika kwenye anwani hiyo hakutakuwa na athari yoyote. Ndani ya QEMU kwa amri yetu itakuwa 0.

Weka ramani ya ukurasa huo bila kashe (biti ya 4 ya ingizo la ukurasa iwe 1). Kisha andika 0x1FF kwenye rejista ya 0xF0: biti ya 8 inaiwasha APIC, na 0xFF inakuwa vekta ya intarapti za uongo.

Sasa fanya jambo ambalo karibu kila aliyekwama alikuwa amelikwepa. Jitumie intarapti mwenyewe. Weka hendla ya muda kwenye vekta 0x50, yaani msimbo utakaoitwa intarapti ikifika, kisha:

```
lapic[0x300/4] = 0x00044050;
```

Namba hiyo inamwambia prosesa ajipelekee vekta 0x50. Hendla ichape neno moja, kisha iandike 0 kwenye rejista ya 0xB0. Kuandika huko ndiko kutangaza kwamba intarapti imekwisha kushughulikiwa, na tutakuita EOI.

Umefaulu ikiwa: ukijitumia mara tano, neno linachapwa mara tano. Likichapwa mara moja tu, EOI haifiki. Lisipochapwa kabisa, angalia IDT na amri ya `sti` inayoruhusu intarapti. Usiguse PCI mpaka hapa pakae sawa, maana kuanzia sasa ukikwama utakuwa na hakika kwamba nusu ya njia ni nzima.

Onyo: hendla ya vekta 0xFF haitumi EOI. Intarapti ya uongo haikuandikwa popote, na EOI yako itafuta intarapti nyingine ya kweli.

## Hatua ya 3: Soma MADT ujue IO APIC ziko wapi

Jedwali hili la ACPI lina sahihi ya herufi `APIC`. Maingizo yake yanaanza baiti ya 44. Aina tatu ndizo zinazotuhusu: aina 0 ni prosesa, aina 1 ni IO APIC, aina 2 ni marekebisho ya IRQ za zamani.

Kwa kila IO APIC chukua anwani yake na namba yake ya msingi ya GSI. GSI ni namba ya laini kwa mashine nzima, hata kama IO APIC ziko mbili au tatu. Idadi ya pini haimo kwenye MADT. Isome kwenye IO APIC yenyewe: rejista ya 1, biti 16 hadi 23, ongeza moja.

```
uint32_t ioapic_soma(volatile uint32_t *io, uint8_t r) {
    io[0] = r;
    return io[4];
}
void ioapic_andika(volatile uint32_t *io, uint8_t r, uint32_t v) {
    io[0] = r;
    io[4] = v;
}
```

Ziba pini zote kwa kuandika 1 kwenye biti ya 16 ya kila ingizo. Usiamini kwamba famwea imekuachia pakiwa safi.

Marekebisho ya aina 2 usiyarukie. Katika QEMU utakuta IRQ 0 imehamia GSI 2, na utakuta 5, 9, 10 na 11 zenye bendera 0x0D. Biti mbili za chini za bendera ni hali ya umeme: 01 maana yake laini iko hai ikiwa juu, 11 maana yake iko hai ikiwa chini. Biti mbili zinazofuata ni namna ya kulia: 01 ya ukingo, 11 ya kiwango (tofauti yake iko hatua ya 7). Kwa hiyo 0x0D ni hai juu, ya kiwango.

Umefaulu ikiwa: kerneli inachapa IO APIC moja kwenye 0xFEC00000, msingi 0, pini 24.

## Hatua ya 4: Mpate kifaa, na uhakikishe kinalia

```
uint32_t pci_soma(uint32_t basi, uint32_t kifaa, uint32_t fn, uint32_t r) {
    outl(0xCF8, 0x80000000u | basi << 16 | kifaa << 11
                | fn << 8 | (r & 0xFC));
    return inl(0xCFC);
}
```

Pitia vifaa vyote. Kwa kila kimoja, weka 1 kwenye biti ya 10 ya rejista ya amri (0x04). Biti hiyo inakizuia kifaa kuivuta laini ya intarapti. Tafadhali fanya hivi kwa vyote, si kwa kile unachokihitaji tu. Famwea huacha vifaa vya USB na kadi za mtandao vikiwa vimeshika laini, na laini za PCI hugawanwa. Ukifungua laini ya kifaa chako huku jirani yake anaivuta na hana draiva, utapata mafuriko ya intarapti yasiyo na mwenyewe.

Kisha mtafute mwenye 0x11E81234 kwenye rejista ya 0. Soma rejista ya 0x3D: hiyo ndiyo pini ya kifaa, 1 kwa INTA# hadi 4 kwa INTD#, na 0 kama hatumii laini. Kwa `edu` ni 1. Washa biti ya 1 na ya 2 za amri, soma BAR0 (rejista yenye anwani ya kumbukumbu ya kifaa), weka ramani yake bila kashe.

Nafasi ya 0x00 ya kifaa inatakiwa isome 0x010000ED. Andika 0x12345678 kwenye 0x04 ukisome tena: utapata 0xEDCBA987, kila biti imepinduliwa. Usipopata hivyo, ramani yako ya kumbukumbu ina kosa, na hilo halihusiani na intarapti.

Sasa jaribio lenyewe. Biti ya 10 ikiwa bado 1, andika 1 kwenye nafasi ya 0x60 ya `edu`. Soma rejista ya hali ya PCI (0x06), biti ya 3. Lazima iwe 1: kifaa kinadai intarapti, ila laini imezuiwa. Andika 1 kwenye 0x64 kukinyamazisha, na biti irudi 0.

Umefaulu ikiwa: biti ya 3 inapanda na kushuka kwa amri yako. Kifaa kimepona, prosesa imepona tangu hatua ya 2. Kilichobaki ni njia ya katikati.

## Hatua ya 5: Uliza ACPI laini inaelekea wapi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tusiharakishe.

Rejista ya 0x3C, ile iliyomdanganya kijana wa Iyunga, haiunganishwi na waya wowote. Ni kidaftari cha baiti moja ambacho famwea huandika IRQ ya PIC. Ukiwa unatumia IO APIC, namba hiyo si yako. QEMU inaweza kukuvumilia kwa sababu chipu zake zinaipeleka intarapti pande zote mbili, na ndiyo maana kosa hili linajificha mpaka siku unapowasha mashine halisi.

Ukweli uko ndani ya DSDT, jedwali la ACPI lenye msimbo wa AML, kwenye kitu kiitwacho `_PRT`, chini ya `\_SB.PCI0`. Kila ingizo lake lina mambo manne: anwani ya kifaa, pini, chanzo, na namba ya chanzo.

Kwanza iite `\_PIC` kwa thamani 1. Hiyo inaiambia famwea kwamba unatumia APIC. Usipoiita, au ukiiita baada ya kusoma `_PRT`, utapewa jedwali la enzi za PIC na namba zake zitakuwa chini ya 16.

Baada ya hapo tekeleza `_PRT` kwa maktaba yako ya AML, utafute ingizo la kifaa chako. Namba ya kifaa iko biti 16 na kuendelea za anwani, na nusu ya chini ni 0xFFFF, yaani fankisheni zote.

Onyo kubwa: kwenye rejista ya 0x3D pini zinahesabiwa 1 hadi 4. Kwenye `_PRT` zinahesabiwa 0 hadi 3. Usipopunguza moja utapata laini ya jirani, na wakati mwingine itafanya kazi kwa bahati kwa sababu laini zinagawanwa.

Ukishapata ingizo, angalia chanzo. Kikiwa sifuri, namba ya chanzo ndiyo GSI, imekwisha. Kikiwa jina la kifaa, hicho ni kiungo chenye kitambulisho PNP0C0F. Soma `_CRS` yake (mpangilio wa sasa) upate GSI pamoja na hali ya umeme na namna ya kulia. Ikiwa `_CRS` haina kitu, chagua namba kutoka `_PRS` (orodha ya zinazowezekana), uiweke kwa `_SRS`. Maktaba nzuri inakufanyia sehemu kubwa ya haya, lakini jua inachofanya.

Kama kifaa kiko nyuma ya daraja la PCI, angalia kwanza kama daraja lina `_PRT` yake. Likiwa nayo, itumie. Lisipokuwa nayo, pini inazungushwa linapovuka:

```
pini = (pini + namba_ya_kifaa) % 4;   /* pini 0 hadi 3 */
```

Namba ya kifaa hapa ni ya kile kilichoko chini ya daraja. Baada ya kuvuka, daraja lenyewe ndilo linakuwa kifaa, unaendelea kupanda mpaka upate `_PRT`. Mfano: kadi iko nafasi ya 3 nyuma ya daraja, inatumia INTA#. Pini 0 jumlisha 3 ni 3, yaani INTD# ya daraja. Daraja likiwa nafasi ya 4 kwenye basi 0 la q35, unatafuta kifaa 4, pini 3, na unapata GSI 23.

Umefaulu ikiwa: kwa `edu` yetu, nafasi ya 4, pini 0, unapata kiungo `GSIE` na GSI 20. Ihamishie nafasi ya 5 kwa `addr=5` na utapata 21. Irudishe 4 uendelee.

## Hatua ya 6: Andika ingizo la IO APIC

Chagua IO APIC ambayo GSI yako imo kati ya msingi wake na idadi ya pini zake. Chagua vekta isiyotumika kuanzia 0x30 kwenda juu. Tutumie 0x51.

Laini za PCI kwa kawaida ni za kiwango, hai chini. Lakini fuata ulichoambiwa: kiungo kikisema hai juu kwenye `_CRS`, au marekebisho ya MADT yakisema hivyo kwa namba hiyo, tii. Katika QEMU viungo vya GSIA hadi GSIH vinasema hai juu.

```
uint32_t n = gsi - msingi;
uint32_t chini = vekta | (1u << 15);      /* ya kiwango */
if (hai_chini) chini |= 1u << 13;

ioapic_andika(io, 0x10 + 2*n, 1u << 16); /* ziba kwanza */
ioapic_andika(io, 0x11 + 2*n, lapic_id << 24);
ioapic_andika(io, 0x10 + 2*n, chini); /* fungua mwisho */
```

Mpangilio huo una sababu. Ingizo lina biti 64 lakini linaandikwa vipande viwili. Ukianza na kipande cha chini bila kuziba, intarapti inaweza kuondoka kabla hujasema inakwenda kwa prosesa ipi.

Onyo: sajili hendla yako kabla ya mstari wa mwisho, si baada yake.

Umefaulu ikiwa: `info pic` inaonyesha pini ya 20 ya IO APIC ikiwa na vekta 81 (ndiyo 0x51), ya kiwango, haijazibwa.

## Hatua ya 7: Hendla, na nani anyamazishwe kwanza

Intarapti ya ukingo ni mgeni aliyepiga hodi mara moja. Ya kiwango ni mgeni aliyeweka kidole kwenye kengele na hakiondoi mpaka umfungulie. Ukisema EOI wakati kidole bado kipo, IO APIC itaona kengele inalia na kukuita tena hapo hapo.

Kwa hiyo kinyamazishe kifaa kwanza, halafu EOI.

```
bool edu_hendla(void) {
    uint32_t hali = edu[0x24/4];
    if (hali == 0)
        return false;          /* si mimi */
    edu[0x64/4] = hali;
    (void)edu[0x24/4]; /* subiri ifike */
    return true;
}
```

Mstari wa kusoma tena unaonekana hauna kazi. Usiufute. Kuandika kwenye PCI hakusubiri jibu: prosesa inaendelea na safari huku amri yako ikiwa bado njiani. Kusoma kutoka kifaa hicho hicho kunalazimisha ulichoandika kifike kwanza. QEMU haitakuonyesha tofauti, mashine halisi itakuonyesha.

Kurudisha `false` nako ni lazima. Laini moja inaweza kuwa na vifaa vitatu, na kila draiva itazame rejista ya kifaa chake iseme kama intarapti ni yake. Msimbo wa laini uwaite wote, usiishie kwa wa kwanza aliyedai, kisha utume EOI moja.

Weka pia ulinzi: intarapti zikifika mfululizo bila mdai, ziba pini na uchape onyo. Linux inaifunga laini ikikuta kwamba katika intarapti 100,000 zaidi ya 99,900 hazikuwa na mwenyewe. Kwa kerneli ya kujifunzia unaweza kuweka kikomo kidogo zaidi.

Sasa futa biti ya 10 ya amri ya `edu`, na uandike 1 kwenye 0x60.

Umefaulu ikiwa: hendla inachapa mara moja kwa kila unapoandika, siku nzima ukitaka. Ndani ya `intarapti.log` tafuta vekta 51, imeandikwa kwa heksi.

Isipokuwa hivyo, dalili zinasema:

Inachapa bila kukoma: kifaa hakinyamazi kabla ya EOI, au hali ya umeme umeigeuza.

Inachapa mara moja kisha kimya: soma ingizo la pini ya 20. Biti ya 14 ikibaki 1, IO APIC bado inasubiri EOI ambayo haikutumwa.

Kimya tangu mwanzo, na biti ya 3 ya hali ya PCI ni 1: njia ya katikati ndiyo mbovu. Rudi hatua ya 5, anza na `\_PIC`, kisha ile kupunguza moja.

## Hatua ya 8: MSI, njia isiyo na waya

Kwa vifaa vipya, ushauri wangu ni kutumia MSI kila inapopatikana. Kifaa hakivuti laini. Kinaandika namba kwenye anwani ya kumbukumbu, na namba hiyo inafika moja kwa moja kwenye APIC ya prosesa. Hakuna `_PRT`, hakuna IO APIC, hakuna kugawana. Lakini usiruke hatua zilizopita, kwa sababu vifaa vya zamani bado vimejaa kwenye kompyuta za mitumba, na hivyo vinajua waya tu.

Biti ya 4 ya rejista ya hali ikiwa 1, fuata orodha inayoanzia 0x34. Kila ingizo lina baiti ya aina, kisha baiti ya ingizo linalofuata. MSI ni aina 0x05, MSI-X ni 0x11.

Kwa MSI, soma udhibiti wake (nafasi ya 2 ya ingizo). Kwenye nafasi ya 4 andika anwani `0xFEE00000 | lapic_id << 12`. Biti ya 7 ya udhibiti ikiwa 1, anwani ni ya biti 64: andika 0 kwenye nafasi ya 8, na data kwenye nafasi ya 0x0C. Ikiwa 0, data inakaa nafasi ya 8. Kukosea hapo ni kuandika vekta mahali pa anwani. Data yenyewe ni vekta tu, mfano 0x52. Mwisho, safisha biti 4 hadi 6 za udhibiti na uwashe biti ya 0.

Onyo: MSI ni kifaa kuandika kwenye kumbukumbu, kwa hiyo biti ya 2 ya amri lazima iwe 1. Ikiwa 0, kila kitu kitaonekana sawa na hakuna kitakachofika.

MSI-X inafanana, ila meza yake iko ndani ya mojawapo ya BAR, baiti 16 kwa kila vekta, na kila vekta ina biti yake ya kuziba ambayo mwanzoni ni 1. Ifute, la sivyo utasubiri sana.

Umefaulu ikiwa: `edu` inaita hendla ya 0x52, na pini ya 20 ya IO APIC haishtuki. EOI ya prosesa bado unaituma.

## Hatua ya 9: Kwenye mashine halisi

Kabla hujawasha kerneli yako, iwashe Linux kwenye kompyuta hiyo hiyo na umwongezee `pci=nomsi` kwenye mstari wa kuwasha, ili vifaa virudi kwenye waya. Kisha:

```
cat /proc/interrupts
sudo lspci -vv
sudo cat /sys/firmware/acpi/tables/DSDT > dsdt.dat
iasl -d dsdt.dat
```

Kwenye `/proc/interrupts` tafuta mistari yenye `IO-APIC`. Namba iliyo kabla ya `-fasteoi` ndiyo pini. `lspci` inakupa pini A hadi D ya kila kifaa na IRQ iliyoelekezwa. Nakili kwenye karatasi. Fungua `dsdt.dsl` utafute `_PRT`, uone kwa macho yako ingizo linalotoa namba hiyo. Fanya hivyo kwa kifaa kimoja tu na hatua ya 5 haitakusumbua tena.

Sasa washa kerneli yako, ichape jedwali lake la kifaa, pini na GSI. Lilinganishe na karatasi mstari kwa mstari kabla ya kufungua pini yoyote. Namba zikilingana, fungua kifaa kimoja, usifungue vyote kwa pamoja.

Zisipolingana kwa vifaa vilivyo nyuma ya daraja tu, kosa ni kwenye kuzungusha pini. Zisipolingana kwa vyote na zako ziko chini ya 16, `\_PIC` haikuitwa. Zikilingana zote na bado kimya, rudia jaribio la kujitumia intarapti la hatua ya 2 kwenye mashine hiyo. Likigoma, soma tena biti ya 10 ya MSR 0x1B. Kwenye mashine yenye x2APIC unaandika kwa MSR kuanzia 0x800 badala ya anwani ya kumbukumbu, na EOI inakuwa MSR 0x80B.